Cha solda na cha skrubu: kununua laptopu ya chuo kwa hela ya bumu

Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, wauza laptopu wa Mwanjelwa jijini Mbeya na Miyomboni mjini Iringa hujua hata kabla ujumbe wa benki haujaingia kwenye simu yako. Vijana wa MUST wanatoka Iyunga wawili wawili. Wa Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa wanajaa kwenye maduka ya mjini. Wengi wao wanaingia na swali moja: "Kaka, i7 shilingi ngapi?" Muuzaji akisikia hivyo ameshajua anashughulika na nani. Atakuletea i7 kweli, wala hakudanganyi, na itakuwa mashine ya mwaka 2013 ambayo ofisi fulani ya Ulaya iliitoa stoo baada ya kuichoka.

Nakuandikia wewe unayenunua mara moja kwa miaka mitatu au minne ya masomo, na mzazi wa Ilula aliyeuza nyanya au wa Rungwe aliyeuza ndizi akaambiwa na mwanawe kwamba bila laptopu chuo hakisomeki. Mtoto hajatia chumvi sana. Lakini hela ni ndogo. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni sh. 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 hiyo ni sh. 600,000, na humo humo kuna ugali, chumba, bando na nauli ya bajaji. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuipeleka yote dukani. Asiyepata mkopo kabisa, hali yake ni ngumu zaidi. Kwa hiyo mashine ya chuo hujengwa kwa awamu, kama bumu lenyewe linavyotoka, na cha muhimu ni kujua kipi kianze na kipi kisubiri.

Ndani ya laptopu kuna vitu vya solda na vitu vya skrubu. Prosesa imechomelewa kwenye mazabodi. Ikiwa dhaifu leo, itabaki dhaifu hadi siku unavaa joho. Diski, betri na, kwenye mashine nyingi za kiofisi, RAM vimeshikwa na skrubu au vibano. Fundi mzuri wa Kabwe anavibadilisha huku umekaa kwenye benchi unasubiri. Hela ya kwanza iende kwenye vya solda. Vya skrubu vinaweza kungoja. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanavutwa na "1TB" iliyoandikwa kwa makapeni kwenye karatasi ya njano, ambayo ni habari ya kitu cha skrubu, na hawaulizi prosesa ni ya lini.

Tuanze na hiyo prosesa. Jina i3, i5 au i7 peke yake halikuambii kitu. Kinachosema ni namba zinazofuata baada ya kistari. Kwenye i7-6600U, tarakimu ya kwanza ni 6: kizazi cha 6. Kwenye i5-8250U ni 8: kizazi cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo, yaani kizazi cha 10. Baadaye Intel walivuruga mpangilio kidogo (i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11), ila ukishazoea hilo halikusumbui.

Kwa nini kizazi ni kikubwa kuliko jina? Hadi kizazi cha 7, prosesa za i5 na i7 za laptopu nyembamba, zile zinazoishia na herufi U, zilikuwa na kori mbili tu. Agosti 2017 Intel walitoa kizazi cha 8, na i5 ya kawaida ikapanda hadi kori nne. Ndiyo maana i5-8250U inaiacha mbali i7-6600U kwenye kazi nyingi, ingawa dukani i7 ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa. Ukipewa chaguo kati ya i7 ya zamani na i5 ya kizazi cha 8 kwa bei moja, usifikirie mara mbili.

Sababu ya pili ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa prosesa chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa AMD, mashine yenye Ryzen 5 3500U inaingia. Fundi atakwambia anaweza kukupigia Windows 11 hata kwenye kizazi cha 4, na ni kweli anaweza. Mbinu zipo na mashine inawaka. Shida ni kwamba Microsoft hawakuahidi masasisho kwenye mashine hizo, na mtu anayeandika utafiti wa mwaka wa mwisho hataki kugundua hilo mwezi wa kukabidhi kazi.

Sasa uko kaunta. Muuzaji anaifuta mashine vumbi kwa kiganja.

"Hii i7 mdogo wangu. Mashine ya kazi hii."

"Ahsante kaka. Naomba niwashe nione."

Hakuna muuzaji mwenye nia njema atakayekukatalia. Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka; nenda sehemu ya Performance. Ukigusa CPU utaliona jina kamili la prosesa upande wa juu na idadi ya kori upande wa chini. Ukigusa Memory utaona kiasi cha RAM, kasi yake, na maneno mawili yenye thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji. "Slots used: 1 of 2" maana yake kuna nafasi moja tupu ya kuongeza RAM baadaye. Na kwenye "Form factor", ukikuta SODIMM, RAM ni ya kuchomeka. Ukikuta "Row of chips", imechomelewa, na ulichokiona ndicho utakachomaliza nacho chuo. Zoezi lote halifiki dakika moja, na bei huanza kushuka yenyewe muuzaji akiona unajua unachokitafuta.

Mashine zinazofaa kwa mpango huu ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, zikatumika miaka kadhaa ughaibuni, kisha zikaletwa hapa kama mtumba. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 5490 na 7490: zote ni za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za RAM, na vipuri vyake vimezagaa kwa kuwa ofisi zilizinunua kwa wingi. Soma prosesa hata hivyo, kwani baadhi ya mashine hizo zilitoka kiwandani na kizazi cha 7. Angalia pia ndugu zao wembamba. T480s, yenye ile "s" ndogo mwishoni, sehemu ya RAM yake imechomelewa. ThinkPad X1 Carbon imechomelewa yote. Zinapendeza mkononi, na ukiipata yenye 16GB tayari si vibaya. Yenye 8GB fikiria mara mbili, na yenye 4GB iache pale pale.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa zaidi wazazi kuliko wanafunzi: laptopu mpya kabisa, ndani ya boksi, na plastiki yake, kwa bei inayokaribiana na ya mtumba. Mzazi anasema, na namwelewa, kwamba hawezi kumnunulia mwanawe kitu cha mtu mwingine. Fungua boksi hilo uangalie. Mara nyingi utakuta Celeron N4020 yenye kori mbili, RAM ya 4GB iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC ya 64GB ambayo nayo imechomelewa. Windows ikishakaa humo na kujisasisha, nafasi ya kazi zako inabaki finyu. Hakuna cha skrubu hata kimoja cha kuokoa hali. Ni mashine inayouzwa ikiwa imeshafika mwisho wake. Mtumba wa ofisi wa mwaka 2018 utaipita kwa kila kitu isipokuwa betri na harufu ya upya.

Kwenye RAM nabadilisha ushauri uliozoeleka. Miaka yote tuliambiana: nunua yenye 4GB, utaongeza bumu lijalo. Sasa hesabu imegeuka. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei za chipu za RAM zimepanda dunia nzima, kwa sababu kampuni chache zinazozitengeneza kwa wingi, Samsung, SK Hynix na Micron, zinaelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi walizoea kulinunua. Kinachoamuliwa huko kinafika mpaka kwenye kabati la vioo la Uhindini. Kwa hiyo RAM, ingawa ni kitu cha skrubu, kwa wakati huu ihesabu pamoja na vya solda: tafuta mashine ambayo tayari ina 8GB, na nafasi ya pili ikiwa tupu. Windows 11 peke yake, bila wewe kufungua chochote, inaweza kula gigabaiti tatu hadi nne. Kivinjari chenye kurasa kumi kinachukua nyingine. Mwenye 4GB anabaki akingoja.

Ukija kuongeza, usinunue kwa kukisia. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kadi liko mahali tofauti, na mtu akilazimisha ataharibu kiti chake kwenye bodi. Mashine za kizazi cha 8 nilizozitaja zinatumia DDR4. Kama tayari unayo mashine ya DDR3, usiongeze hela humo zaidi ya kinachohitajika kumaliza muhula. Na jambo moja la kaunta: ukishakubaliana bei, washa tena uangalie RAM kabla hujatoa hela. Kadi ya RAM huchomolewa kwa sekunde chache.

Diski ndiyo mahali ambapo hela kidogo huonekana haraka kuliko popote. Ile ya zamani ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, na hiyo ni siku ikiwa na afya. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 550. Mashine uliyodhani imezeeka itaamka. Kwa watu wa nyanda hizi za juu kuna sababu nyingine tena. Diski ya kuzunguka ina sahani na kichwa kinachoelea juu yake, na begi lako litapanda Kitonga na kuruka matuta ya kila kijiji kutoka Mikumi hadi Uyole. Ukiingia basini huku umefunga tu kifuniko bila kuzima, unacheza na ripoti zako. SSD haina kinachozunguka.

256GB inamtosha mwanafunzi asiyehifadhi sinema. Kabla ya kununua, mwombe fundi afungue kifuniko muone kiti cha aina gani kipo: cha diski ya inchi 2.5, au cha M.2 ile nyembamba kama kipande cha chingamu. M.2 nazo ni za namna mbili, SATA na NVMe, na si kila kiti hukubali zote. NVMe ina kasi zaidi, lakini kwa kuandika ripoti na kufungua majedwali hutaiona tofauti, hivyo usikubali kulipia sana. SSD au flashi isiyo na jina inayodai 2TB kwa bei ya chakula cha mchana ni feki. Programu ya bure ya H2testw itakuonyesha ukweli wake. Na ukipewa SSD iliyokwishatumika, iangalie kwa CrystalDiskInfo, inataja asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi.

Kioo kiko katikati: kinabadilishwa, ila gharama yake inauma. Pendelea chenye nukta 1920 kwa 1080. Vile vya 1366 kwa 768 vinabana, jedwali la SPSS unalisoma kwa kusogeza huku na huku. Weka picha nyeupe ujaze kioo kizima, kisha nyeusi, utafute madoa. Kiinamishe, kikigeuka rangi ukikitazama kwa pembeni ni cha aina duni.

Betri ya mtumba ichukulie kuwa imechoka mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa ilitengenezwa na 50,000 na sasa inajaa hadi 27,000, imebaki na nusu na kidogo, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Chomoa chaja, cheza video dakika ishirini, tazama asilimia inavyoshuka. Tachipadi ikiwa imenyanyuka au kifuniko cha chini kimebinuka, betri imevimba: hiyo si ya kujadili bei, ni ya kutoitumia kabisa. T480 ina faida yake hapa, ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nje, na ile ya nje unaibadilisha mwenyewe bila fundi.

Kuna kasoro ambayo haionekani kwa macho na ndiyo naiogopa kuliko zote: kufuli. Hizi mashine zilikuwa mali ya kampuni, na nyingine zilitoka kabla hazijafunguliwa kwenye mifumo ya wenyewe. Zima, washa, na papo hapo bonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri kabla ya kukuingiza kwenye BIOS, ishukuru na uondoke. Nyingine inatulia mpaka siku utakapopiga Windows upya ikiwa kwenye intaneti, ndipo inakuletea jina la kampuni ya Uingereza au Uholanzi na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Kinga yake ni kumwomba muuzaji aipige Windows upya ukiwepo, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Bando litakalotumika ni dogo kuliko majuto. Kibodi ya Kijerumani, ambayo Y na Z zimebadilishana, au ya Kifaransa yenye A mahali pa Q, hayo ni madogo. Yatumie kushusha bei.

Halafu kuna umeme wetu. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za Mbeya si za mchezo. Ikianza kunguruma, chomoa chaja ukutani na utumie betri, na hapo utaelewa kwa nini nimeisisitiza. Mashine zilizotoka Ulaya bara huja na plagi za pini mbili, na watu huzichomeka kwa adapta isiyofikisha waya wa ardhi. Ukiona mwili wa chuma unakutekenya vidole wakati inachaji, mara nyingi tatizo ni hilo. Nunua waya wa pini tatu unaoendana na chaja yako na soketi yenye ardhi.

Je, uagize Kariakoo? Bei ya kule huwa chini, na winga, yule dalali wa kule, atakutumia picha nzuri usiku huo huo. Lakini kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Iringa karibu 500. Dhamana ya wiki mbili unayopewa Mtaa wa Aggrey haikusaidii uko Iyunga na kioo kimezima: utalipia kifurushi cha basi kwenda, utalipia kurudi, na katikati hapo wiki zimekwisha. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa duka la Miyomboni au Mwanjelwa ambalo naweza kulifikia kwa bajaji nikiwa na hasira. Kama una ndugu Dar anayejua kufanya ukaguzi wote huu, hapo sawa, mtume yeye. Usimtume anayejua rangi tu.

Ununue kulingana na unachosoma. Wa ualimu Mkwawa, wa sheria RUCU, wa uhasibu TIA, kazi yenu ni maandishi, majedwali na kivinjari. Kizazi cha 8, 8GB na SSD vinawamaliza. Wa afya pale Mbeya, vivyo hivyo, ila wekeni hela kwenye kioo, maana mnasoma picha. Wasanifu majengo na wahandisi wa MUST ndio wenye mzigo: Revit na ArchiCAD zinataka 16GB, na kadi ya picha inayojitegemea ikipatikana. AutoCAD ya kuchora ramani za kawaida inaenda na 8GB kwa shida, 16GB kwa raha. Autodesk huwapa wanafunzi leseni ya bure kwa anayethibitisha kuwa yuko chuoni, kwa hiyo hakuna sababu ya kupakua iliyovunjwa na kuingiza virusi kwenye mashine uliyoikagua kwa jasho. Na mwenye mashine ya zamani asiye na hela ya nyingine, Linux Mint na LibreOffice zitamfikisha mbali, mradi hahitaji AutoCAD.

Mwisho wa yote, risiti ya EFD. Dai iandikwe jina la mashine na namba yake ya kiwandani (serial number), ile ya kwenye kibandiko cha chini, na muda wa dhamana uandikwe kwa mkono na kugongwa mhuri nyuma yake. Hata kama mmesalimiana "kamwene" na kugundua mnatoka kijiji kimoja. Risiti hiyo ndiyo itakayokutetea polisi wakikuuliza laptopu umeitoa wapi, na ndiyo utakayohitaji siku ikiibwa hosteli. Karatasi za EFD hufutika wino haraka, hivyo ipige picha kabla hujatoka mlangoni, ujitumie kwenye barua pepe.